Equifax na amande ya dola milioni 575: walilipa kosa gani?

Wandugu, kuko mfano moja wenye wanafunzi wa informatike na wale wa sheria wanapendaka kutaja wote: Equifax. Wanasema kama kule Marekani, kampuni ikiacha habari za watu ziibiwe, leta inaipiga amande ya dola milioni 700 na mambo inakwisha. Nilisoma ule mpatano wa 2019, na nikasoma ripoti mbili za Bunge lao zenye zilitoka mbele yake. Naona tunausifu kwa kitu chenye haukufanya. Mpatano ulihesabu wizi. Siku zenye mlango ulikaa wazi haukuzihesabu, na kosa la Equifax lilikuwa kule.

Kwa wale hawaijui: Equifax iko Atlanta, ilianza mwaka 1899, na kazi yake ni kukusanya habari za madeni ya watu. Mmarekani akikopa kwa kununua gari, akichelewa kulipa benki, akihama nyumba, habari zinafika kwake na kwa wenzake wawili, Experian na TransUnion. Kisha benki inanunua zile habari mbele ya kukubali mkopo mpya. Sasa angalia vizuri nani ni mteja hapa. Mteja ni benki. Ule mwenye jina lake, tarehe yake ya kuzaliwa na namba yake ya sekirite sosiale viko ndani, yeye ni shamba lenye wanavuna. Hakusaini kitu na Equifax, hakuichagua, na akikasirika hana namna ya kuondoka. Ukiibiwa ndani ya duka, kesho unanunua kwa duka ya ngambo. Huyu atahamia wapi?

Weka hii kichwani, juu ndiyo inaonyesha kwa nini amande ilikuwa na kazi nzito hapa kuliko kwa kampuni ingine. Kama mteja hawezi kukuadhibu kwa kuondoka, anabaki leta peke yake.

Tuangalie siku zenyewe. Saiti ya Equifax yenye watu walikuwa wanapitia kwa kulalamika juu ya habari zenye ziliandikwa vibaya ilikuwa inatumia Apache Struts, programu ya bure yenye makampuni mingi yanajengea saiti. Tarehe 7 mwezi wa tatu 2017, wale wenye kuitunza walitangaza kama kuko mwanya mkubwa ndani, na siku ile ile walitoa kiraka cha kuuziba. Mwanya wenyewe ni rahisi kuelewa. Kila kitu unatuma kwa saiti kiko sawa bahasha, na juu ya bahasha kunaandikwa aina ya kitu chenye kiko ndani. Ukiandika pale upuuzi, seriveri inakosa kuelewa na inatayarisha ujumbe wa kosa. Ila katika kutayarisha ule ujumbe, Struts ilikuwa inatekeleza amri yenye mtu ameficha ndani ya yale maandishi. Hakuna neno la siri lenye liliombwa. Mtu anaandika amri juu ya bahasha, seriveri inatii.

Tarehe 8, wizara yao ya usalama wa ndani ilitoa onyo. Tarehe 9, Equifax ikatuma imeli kwa watu zaidi ya 400 ndani ya kampuni: mwenye kutumia Struts aweke kiraka ndani ya masaa 48. Ule mwenye alikuwa anatunza ile saiti ya malalamiko hakukuwa kwenye orodha. Wakapitisha chombo cha kutafuta mianya, hakikuona kitu. Wakalala.

Wezi waliingia tarehe 13 mwezi wa tano, siku 67 kisha kiraka kutolewa. Walikaa ndani siku 76. Walikuta faili yenye majina na maneno ya siri yameandikwa wazi wazi, na kwa yale maneno wakafungua hifadhi zingine 48 zenye hazikukuwa na uhusiano wowote na malalamiko. Waliuliza maswali karibu 9.000. Na Equifax ilikuwa na chombo cha kuchungulia kila kitu chenye kinatoka kwenye mtandao wake, kabisa kwa kukamata wizi wa namna hii! Lakini kile chombo kinahitaji cheti cha kidijitali, na cheti kilikuwa kimeisha muda wake tangu mwaka 2016. Hakuna mwenye alikifanya upya. Njo maana tarehe 29 mwezi wa saba, walipoweka cheti kipya, wakaona wizi hapo hapo, kwa saa chache. Watu waliambiwa tarehe 7 mwezi wa tisa, kisha siku 40. Wamarekani karibu milioni 147, na hesabu ilipanda mara mbili mbele ya kutulia pale. Majina, tarehe za kuzaliwa, adresi, namba za sekirite sosiale. Karte ya benki unaweza kubadilisha. Tarehe yako ya kuzaliwa utaibadilisha na nini?

(Hata ile saiti waliifungua kwa kuwapa watu msaada ilikuwa na adresi yenye inafanana na ya matapeli. Mtu moja akatengeneza ya uongo kwa kuwaonyesha hatari, na Equifax wenyewe, kwenye Twitter, wakatuma wateja kwa ile ya uongo.)

Ripoti ya kwanza, ya komite ya Baraza la Wawakilishi, ilitoka mwezi wa kumi na mbili 2018. Inasema kama ule wizi ungeweza kuepukwa kabisa. Ni maandishi mazuri, nawashauri muisome hata kama Kiingereza inawasumbua, juu inafuata mambo siku kwa siku bila kupiga kelele. Kuko sehemu moja ndani yenye kila mwanafunzi wa menejimenti alipaswa kuisoma. Kwa Equifax, shefu wa usalama hakuwa anaripoti kwa shefu wa informatike. Alikuwa anaripoti kwa shefu wa mambo ya sheria, kwa avoka! Na sababu haikukuwa ya ufundi. Zamani kidogo, shefu wa usalama na shefu wa informatike hawakupatana, wakawatenganisha. Wale wawili walipotoka kazini, mpango ukabaki. Kwa hiyo mtu wa kuona mianya alikuwa upande moja, mtu wa kuweka viraka upande ingine, na kati yao hakuna mwenye anasema neno la mwisho.

Sasa linganisha na vile mkurugenzi mkuu, Richard Smith, alieleza mambo mbele ya Bunge mwezi wa kumi 2017. Alikuwa amekwisha kuacha kazi wiki moja mbele. Alisema kama mtu moja hakufanya kazi yake ya kupitisha habari ya kiraka. Siku moja mbele ya ile hotuba, kampuni ilikuwa imefukuza mkubwa moja wa informatike. Kosa lake, hakutuma mbele imeli moja. Hii ni hadithi tunaijua sote, hata bila informatike. Daraja linaanguka, wanafunga mlinzi. Ripoti inaonyesha vizuri kama haiwezekani: kampuni yenye inashika siri za nusu ya nchi haiwezi kutundika usalama wake wote juu ya imeli moja kutumwa ao kutotumwa. Lakini ikifika kwa kutoa hukumu, ile ripoti inalegea. Inashauri makampuni yawe wazi zaidi, leta iongeze usimamizi, na kadhalika. Wademokrate wa komite ile ile walitoa maandishi yao pembeni kulalamika kama hakuna sheria ya kweli yenye inapendekezwa. Kwa hilo nawaunga mkono.

Ya pili, ya komite ndogo ya Seneti, mwezi wa tatu 2019, ni kavu lakini ni kali zaidi. Humo njo unakuta habari yenye mimi naiona nzito kupita zote: mwaka 2015, miaka miwili mbele ya wizi, Equifax ilijikagua yenyewe. Ukaguzi ulikuta mianya zaidi ya 8.500 yenye ilijulikana na haikuzibwa kwa wakati. Ukasema kama kampuni haina orodha kamili ya mashine na programu zake. Ukasema tena kama kuweka viraka kunafanyika kwa kuaminiana tu: fundi anaambiwa, na hakuna mwenye anafuata kuona kama alifanya. Kisha ule ukaguzi, hawakufanya ingine ya kuangalia kama mambo yalitengenezwa. Na Experian na TransUnion, wenye walipata onyo lile lile, walianza kuziba ndani ya siku chache. Kwa hiyo mtu asiseme kama kazi ilikuwa haiwezekani.

Hapa watu wananiletea jibu moja: mwaka 2020 leta ya Marekani ilishitaki wanajeshi wane wa China juu ya huu wizi (China ilikataa). Kampuni itafanya nini mbele ya jeshi? Hili jibu linanichosha. Kama jeshi lingevunja ukuta kwa silaha yenye hakuna mwenye aliijua, ningenyamaza. Lakini liliingia kwa mlango wenye ulitangazwa hadharani, pamoja na kufuli yake ya bure, siku 67 mbele.

Basi tuingie kwa mpatano wenyewe, tarehe 22 mwezi wa saba 2019. Ile milioni 700 watu wanataja ni kiwango cha juu, "mpaka milioni 700". Ya hakika ilikuwa milioni 575. Ndani yake, milioni 300 za mfuko wa watu wenye waliibiwa, milioni 175 za majimbo 48 pamoja na Washington na Puerto Rico, na milioni 100 amande ya ofisi inayolinda watumiaji wa huduma za pesa, CFPB. Amande ya leta ya taifa, ile ya kweli ya kuadhibu, ni hii milioni 100 peke yake. FTC, ofisi kubwa yenye ilitangaza mpatano kwa kishindo, haikukuwa hata na uwezo wa kisheria wa kupiga amande kwa kosa la kwanza la namna hii. Rudia kusoma hiyo. Ofisi yenye picha yake iko kwenye magazeti yote haikuweza kupiga amande.

Na kwa watu? Gawanya milioni 300 kwa watu milioni 147: dola mbili na kidogo kwa kila moja. Walitangaziwa kama mwenye tayari ana huduma ya kuchungulia madeni yake anaweza kuchukua dola 125 mkononi. Watu wakakimbia. Ila ndani ya maandishi kulikuwa kifungu: pesa zote za ile njia haziwezi kupita milioni 31. Piga hesabu, milioni 31 kwa 125 inatosha watu 248.000, kati ya milioni 147. Wiki moja na kidogo kisha kutangaza, FTC yenyewe ilirudi kuwaambia watu: afadhali muchague huduma ya kuchungulia, juu pesa itakuwa kidogo sana. Na huduma ya kuchungulia ni nini? Ni kumwangalia mwizi akitumia jina lako, ili ujue mapema. Hata kufunga faili yako ili hakuna mwenye akope kwa jina lako, kwa majimbo mingi mtu alikuwa analipia, na analipa zile kampuni tatu zenyewe, mpaka sheria ya mwaka 2018 ilipolifanya bure. Shamba likilipa mvunaji.

Nisiwe bila haki. Kuko sehemu ya mpatano yenye magazeti hayakuandika mingi na ni nzuri. Equifax ilipaswa kuwa na mpango wa usalama wenye umeandikwa, baraza la wakurugenzi lithibitishe kila mwaka kama unafuatwa, na mkaguzi wa nje apite kila miaka miwili. Katika upande wa kesi ya watu, ikakubali kutumia dola bilioni moja kwa usalama ndani ya miaka mitano. Kama ningekuwa mwalimu wa sheria, ningefundisha kurasa hizi na kuacha milioni 700. Zinamlazimisha mtu wa juu kuweka jina lake. Tangu hapo hawezi tena kusema "kuko kijana moja kule chini hakutuma imeli". Lakini ona zinakuja wakati gani: kisha wizi, na kwa kampuni moja. Mwaka 2015, na ile mianya 8.500, FTC haikukuwa na haki ya kuingia Equifax kukagua. Ilikuwa na haki ya kushitaki kisha nyumba kuungua.

Wengine wanasema: basi tuige Ulaya, asilimia 4 ya mapato ya dunia nzima. Nawaomba mpige hesabu mbele ya kupiga makofi. Mapato ya Equifax mwaka 2017 yalikuwa dola bilioni 3,36. Asilimia 4 ni kama milioni 134. Ni chini ya ile milioni 575 tunailalamikia. Na ile ya juu mara nyingi haifikiwi. British Airways ilitangaziwa pauni milioni 183 mwaka 2019 kwa wizi wa habari za wateja wake, ikalipa milioni 20 mwaka 2020. Uingereza ilikuwa na Equifax yake pia. Habari za Waingereza kama milioni 13,8 zilikuwa kwenye seriveri za Marekani. Mwaka 2018 ofisi yao ya data ikapiga pauni 500.000, juu sheria ya zamani haikuruhusu zaidi. Mwaka 2023, miaka sita kisha wizi, ofisi ya mambo ya pesa, FCA, ikaongeza pauni milioni 11 na kidogo. Maneno ya FCA yananipendeza kuliko pesa yake: inasema kosa lilikuwa kutuma habari za watu kwa kampuni mama na kutosimamia vile zinalindwa kule. Equifax ya Uingereza iliambiwa habari ya wizi karibu dakika tano tu mbele dunia nzima kuambiwa. Hiyo hukumu, ijapo ilichelewa, inasema jina la kosa. Ile ya Marekani inasema bei.

Jela? Mkubwa moja wa Equifax alifungwa miezi mine. Yeye aligundua kama kampuni imeibiwa mbele ya kutangazwa, akauza hisa zake haraka. Alifungwa kwa kudanganya wenye hisa. Siombi mafundi wafungwe kwa viraka. Nawaomba muone tu nani alilindwa na sheria yenye meno: mwenye hisa.

Hapa kwetu hatuna Equifax, lakini ule mtu mwenye hakuchagua, sisi ni yeye. Kopi ya karte ya mchaguzi uliacha kwa kununua simukadi, iko fasi gani leo? M-Pesa, Airtel Money, Orange Money zinajua nani ulimtumia falanga na siku gani. Tangu tarehe 13 mwezi wa tatu 2023 tuko na Code du numérique, na ndani yake kuko sehemu nzima juu ya habari za watu. Wale wetu wenye wanasoma sheria watakwenda kwanza kutafuta kiwango cha amande, nawajua. Ningependa watafute kwanza kitu kingine: nani ana haki ya kugonga mlango wa kampuni siku ya kawaida, wakati hakuna kitu kimeibiwa, na kuomba karatasi tatu. Orodha ya programu zote zenye wanatumia. Tarehe yenye kila kiraka kilitoka na tarehe yenye kiliwekwa. Jina la mtu wa juu mwenye alisaini.

Karatasi ya kwanza Equifax ilikuwa imeombwa na wakaguzi wake wenyewe, mwaka 2015. Wezi walipoingia mwaka 2017, ilikuwa bado haijakamilika.